Jumamosi Moja Chini ya Hilux: Mwongozo wa Kuitunza na Kuiboresha Pikapu ya Dizeli Mwenyewe

Ukipita barabara kuu kati ya Iringa na Ruaha Mbuyuni msimu wa mavuno utaziona: Hilux za zamani, rangi imeshapauka, zimebeba matenga ya nyanya za Ilula au magunia ya vitunguu, zinapanda na kushuka mlima wa Kitonga. Yangu ni mojawapo. Ni ya miaka ya 1990, foo-wili, springi za majani nyuma, injini ya dizeli ya aina iitwayo 3L, yenye cc 2,779. Haina turbo, haina kompyuta. Ndugu zake wawili, 2L ya cc 2,446 na 5L ya cc 2,986, wamejengwa kwa mtindo uleule, kwa hiyo karibu yote nitakayoeleza yanawahusu na wao.

Magari haya hayafi kwa uzee. Yanauliwa na vumbi linaloingia kwenye injini, maji yaliyochanganyika na dizeli, na joto la mlimani. Vyote vitatu unaweza kuvizuia mwenyewe kwa spana za kawaida, ndiyo maana nitakaa huko kwa muda mrefu. Maboresho yatafuata baadaye, kwa sababu pikapu ambayo bado inavuta vumbi haihitaji taa mpya.

Kabla hujaingia chini

Tafuta mahali pa sakafu ngumu na tambarare. Weka gia, vuta breki ya mkono, kisha zuia kwa kabari za mbao matairi yatakayobaki chini. Jeki ni ya kunyanyulia tu. Ukishanyanyua, gari likae juu ya stendi mbili za chuma zilizowekwa chini ya chesisi au eksli, ulisukume kwa mkono kuona kama limetulia, ndipo uingie. Usitumie tofali wala jiwe. Tofali hupasuka bila kutoa taarifa. Kama huna stendi, fanya kazi za juu tu siku hiyo.

Vifaa vyangu ni hivi: seti ya soketi kuanzia namba 8 hadi 24, spana za kawaida, brashi ya waya, bomba la kusukumia grisi, mita ya umeme, beseni la kumwagia oili, vitambaa vyeupe na daftari. Hilo daftari lithamini. Andika tarehe, kilomita na ulichofanya, maana kichwa husahau na mnunuzi wa kesho hataamini maneno matupu.

Oili ya injini

Washa injini dakika kumi, izime, kisha fungua nati ya sampu oili ikiwa ya moto kiasi. Oili ya baridi huacha tope chini. Acha idondoke hadi ikatike, hata kama ni nusu saa. Fungua filta, hakikisha mpira wake wa zamani haukubaki umenata kwenye injini, paka oili mpya kwenye mpira wa filta mpya, funga kwa mkono hadi iguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko. Usiikaze kwa spana.

Mimi natumia 15W-40 ya dizeli na naibadilisha kila kilomita 5,000. Gari hunywa karibu lita 6 pamoja na filta, lakini usimimine kwa kuamini namba hiyo. Mimina tano, subiri, soma kijiti, kisha ongeza kidogokidogo hadi ifike alama ya juu. Washa dakika moja, zima, soma tena, chungulia chini kama inavuja. Oili chafu irudishe kwenye galoni uipeleke gereji wanakoikusanya. Ukiimwaga mtaroni itafika kisimani kwa mtu.

Vumbi

Watu wengi wanajali oili na kusahau hewa, wakati vumbi la barabara ya shamba ni kama msasa. Likipita filta, husaga ringi na silinda, na dalili unaziona kilomita nyingi baadaye: moshi wa bluu, oili inapungua, gari halina nguvu. Hapo ni kuchonga injini.

Toa eya klina, yaani filta ya hewa. Igonge taratibu kwenye kiganja, kisha iangalie kwa tochi ukiwa umeiweka ndani yake gizani. Ukiona mwanga unapenya kwa tundu hata dogo, itupe. Ikiwa nzima, ipulize kwa hewa isiyo na nguvu nyingi kutoka ndani kwenda nje. Ukipuliza kutoka nje unalisukuma vumbi ndani zaidi ya karatasi. Mimi naipuliza mara mbili au tatu tu, safari inayofuata nanunua mpya. Kamwe usiioshe filta ya karatasi kwa maji.

Sasa jambo ambalo mafundi wengi hawalifanyi. Toa ule mpira mnene unaopeleka hewa kutoka kwenye boksi la filta hadi kwenye injini, chukua kitambaa cheupe kibichi, pangusa ndani yake. Kikitoka safi, mfumo wako umefunga. Kikitoka na rangi ya udongo, kuna mahali vumbi linapita bila kuchujwa, na filta ya bei yoyote haitakusaidia. Kunja ule mpira kwa mikono, utazame mikunjo yake upande wa chini. Hapo ndipo hupasuka, na ufa hauonekani mpaka uukunje. Angalia klempu mbili za mwisho, na sehemu ambayo ukingo wa mpira wa filta unakalia boksi. Boksi lililopinda hubadilishwa. Ukilipaka gundi utarudi kulifanyia kazi ileile mwezi ujao.

Nilipolinunua gari hili kitambaa kilitoka chekundu kama udongo wa Kilolo. Ufa ulikuwa wa urefu wa kidole, chini ya mpira. Muuzaji alikuwa amefunga filta mpya kabisa siku chache nyuma.

Maji kwenye dizeli

Pampu ya dizeli na nozeli zinazonyunyiza dizeli ndani ya injini hulainishwa na dizeli yenyewe. Maji hayalainishi kitu. Matone machache yakifika kwenye pampu yanaanzisha kutu, na ukarabati wa pampu ni moja ya bili kubwa utakazolipa kwenye gari hili.

Chini ya filta ya dizeli kuna nati ndogo ya plastiki ya kumwagia maji, na juu yake kuna kitufe cha kusukuma kwa kiganja. Weka chupa nyeupe chini, legeza nati mizunguko miwili, kisha bonyeza kitufe polepole. Maji hutoka kwanza kwa kuwa ni mazito kuliko dizeli, kisha dizeli safi. Funga nati kwa mkono. Iache chupa itulie dakika kumi uisome: mstari chini ya dizeli ni maji, na kama ni mwingi, badilisha kituo unachonunulia. Mimi hufanya hivi kila mwisho wa wiki wakati wa masika, na siku yoyote taa ya filta ikiwaka kwenye dashibodi.

Kubadilisha filta yenyewe ni rahisi. Chomoa waya wa sensa, zungusha filta itoke, hamisha sensa kwenye filta mpya pamoja na mpira wake mpya, paka dizeli kwenye mpira, funga kwa mkono. Kisha bonyeza kitufe cha juu hadi kiwe kigumu chini ya kiganja. Ugumu huo ni ishara kwamba hewa imetoka. Ukipiga stata bila kufanya hivyo utachosha betri bure.

Gari likisumbua kuwaka asubuhi za baridi, kama zile za Mafinga mwezi wa Juni, angalia hita plagi, zile zinazopasha silinda joto kabla ya kuwasha, kabla hujailaumu pampu. Toa ule ukanda wa chuma unaoziunganisha, shika taa ndogo ya kupimia iliyofungwa kwenye chanya ya betri, gusa ncha ya kila plagi. Isiyowasha taa imekufa. Unaponunua mpya soma volti iliyoandikwa kwenye ile ya zamani, kwani zinauzwa za aina tofauti zinazofanana kwa umbo, na ya volti ndogo itaungua mara moja.

Joto

Silinda hedi za familia hii ya injini hupasuka zikizidiwa joto. Hilo ndilo doa lao kubwa, na ndiyo sababu sehemu hii ninaiandika kwa msisitizo.

Mwaka wangu wa kwanza, nikipanda Kitonga na vitunguu kutoka Ruaha Mbuyuni, mshale wa joto ulianza kupanda kila safari. Gereji moja ikanishauri nitoe thamostati, ile valvu inayozuia maji kwenda kwenye rejeta hadi injini ipate moto. Ni ushauri utakaousikia kila kona. Nikakubali. Barabara ya tambarare mshale ukalala chini kabisa, asubuhi gari likawa linatoa moshi mwingi, dizeli ikaongezeka, na mlimani joto likapanda vilevile. Thamostati haikuwa na kosa. Injini ya dizeli inayofanya kazi ikiwa baridi haichomi mafuta vizuri, inachafua oili na kulika haraka. Niliirudisha mpya, kisha nikatafuta ugonjwa wenyewe kwa mpangilio huu, nawe ufuate huuhuu.

Anza na uso wa rejeta. Chungulia kwa tochi kutoka upande wa feni. Kama huoni mwanga upande wa pili, mapezi yamezibwa na udongo, nyasi na wadudu. Yangu ilikuwa imezibwa nusu ya chini yote, kati ya rejeta na kipozeo cha AC, mahali ambapo mpira wa kuoshea gari haufiki ukisimama mbele. Osha kutoka upande wa injini kwenda mbele, kwa maji yasiyo na presha kubwa, mpaka yatoke meupe. Mashine ya presha hulaza mapezi na kukuongezea tatizo.

Fuata feni. Injini ikiwa baridi na imezimwa, izungushe kwa mkono. Inatakiwa iende kwa uzito fulani na kusimama yenyewe. Ikizunguka kwa wepesi bila kusimama, lile boksi la katikati lenye mafuta mazito limekwisha, na feni haitavuta hewa ya kutosha mlimani. Angalia pia kava la plastiki linaloizunguka feni: lililovunjika likatolewa linarudisha joto, hata kama wengi wanaliona pambo. Kisha bonyeza mkanda wa feni. Ukiwa na nyufa au unang'aa, badilisha.

Mwisho ni maji yenyewe. Usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto, maji yale huunguza uso. Ikipoa, fungua, toa maji yote kwa chini ya rejeta, jaza maji safi, endesha kidogo, mwaga tena hadi yatoke bila kutu. Jaza kulanti na maji safi nusu kwa nusu. Maji ya bomba peke yake huotesha kutu ndani ya injini, na kutu hiyo hiyo huenda kuziba rejeta. Acha kifuniko wazi, washa injini, hita ikiwa imefunguliwa, ongeza kadiri mapovu yanavyotoka. Kifuniko chenye mpira uliochoka kibadilishwe. Ni kitu cha bei ndogo, lakini ndicho kinachoshika presha inayozuia maji kuchemka mapema.

Baada ya hayo mshale wangu umekaa chini ya nusu hadi juu ya Kitonga. Siku ukiuona unapita pale ulipozoea, simama. Usihesabu kona zilizobaki.

Difu, gia boksi na grisi

Kanuni moja tu uishike: fungua nati ya kujazia kabla ya nati ya kumwagia. Ukimwaga kwanza kisha nati ya juu ikagoma, una gari lisilotembea. Nati hizi mara nyingi ni namba 24. Oili ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Difu, lile boksi la gia katikati ya eksli, hutumia oili ya daraja la GL-5, kama 80W-90. Kwenye gia boksi angalia kitabu chako. Mimi naweka 75W-90 ya GL-4, kwa sababu baadhi ya oili za GL-5 hushambulia ringi za shaba njano zilizomo ndani. Jaza hadi oili ianze kuchuruzika kwenye tundu la kujazia, basi.

Propela shafti, ile inayopeleka nguvu hadi kwenye difu, ina chuchu za grisi kwenye kila krosi, yaani kiungo chake, na kwenye sehemu inayoteleza, ya mbele na ya nyuma. Futa chuchu kwanza, la sivyo unasukuma mchanga ndani. Kwenye krosi sukuma hadi grisi mpya ichungulie pande zote nne. Kwenye sehemu inayoteleza tia kidogo, maana ukiijaza kupita kiasi shafti inakosa pa kurudi.

Ukiwa na gurudumu la mbele hewani, lishike juu na chini ulitikise. Likicheza, beringi imelegea. Lishike kulia na kushoto. Likicheza hapo ni tairodi, fimbo ya usukani.

Breki

Mbele ni diski: pedi ikibaki nene kama milimita tatu, badilisha zote nne pamoja. Nyuma ni ngoma. Ngoma ikigoma kutoka, usiipige kwa nyundo. Ina matundu mawili yenye nyuzi, weka bolti mbili za milimita 8, kaza zamu kwa zamu, itajisukuma yenyewe. Ukiona unyevu ndani, ama silinda ya gurudumu inavuja au oili sili ya eksli imekwisha, na shuu zilizolowa hazisafishiki. Vumbi lioshe kwa maji, usilipulize.

Wengi hawajui kwamba shuu za nyuma kwenye gari hili hujisogeza kwa kutumia breki ya mkono. Asiyeivuta kamwe hukuta pedeli inazama. Baada ya kufunga shuu mpya, vuta na kuachia breki ya mkono mara nyingi hadi mlio wa kujisogeza ukome. Mafuta ya breki, DOT 3, yanafyonza unyevu wa hewa, kwa hiyo yabadilishe kila miaka miwili. Yaliyonyonya maji huchemka kwenye mteremko mrefu, na hapo pedeli inakuwa laini ukiwa na nyanya nyuma na lori mbele.

Kazi za kumwachia fundi mwenye vifaa ni kupima nozeli, kufungua pampu, kuchomelea chesisi, na taimingi belti kama hujawahi kuifunga ukiwa na mtu anayeijua. Lakini kumbuka tarehe yake mwenyewe: kila kilomita 100,000, na ukinunua gari lisilo na rekodi, badilisha wiki ileile. Ikikatika, valvu hukutana na pistoni.

Kuongeza jani la springi bila kuharibu breki

Hili ndilo boresho wanaloanza nalo wabeba mizigo, na ndilo linalofanywa vibaya zaidi. Hilux ni gari la mzigo wa takriban tani moja. Jani la ziada linazuia mkia usilale. Halifanyi eksli, beringi wala breki kuwa za gari kubwa. Jani moja kila upande linatosha.

Gari likiwa tupu, pima kwa futi kutoka juu ya eksli hadi chini ya chesisi, pande zote mbili, uandike. Usiku wa kabla, paka oili ya kulainisha kutu kwenye yubolti, zile bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye eksli. Asubuhi zuia matairi ya mbele, nyanyua, weka stendi chini ya chesisi, toa magurudumu, na jeki ishikilie eksli. Fanya upande mmoja kwanza, wa pili ubaki kama mfano wako. Toa shokapu chini, fungua yubolti, shusha eksli kidogo huku ukitazama mpira wa breki usivutike. Bana majani kwa klempu mbili imara, moja kila upande wa bolti ya katikati, ndipo uifungue bolti hiyo. Majani yasiyobanwa huruka. Piga brashi ya waya, ingiza jani jipya kwa kufuata urefu wake, weka bolti mpya ya katikati iliyo ndefu zaidi, na hakikisha kichwa chake kimekaa kwenye tundu la eksli. Funga yubolti mpya, kwa sababu za zamani zimeshanyooka. Kaza kwa msalaba kidogokidogo, na mkazo wa mwisho ufanye gari likiwa chini kwa uzito wake.

Sasa pima tena ile nafasi ya eksli na chesisi. Tofauti uliyopata ina maana. Juu ya eksli ya nyuma kuna fimbo ndefu ya chuma inayokwenda hadi kwenye valvu iliyofungwa kwenye chesisi. Valvu hiyo inasoma mzigo: mkia ukishuka, inaruhusu breki zaidi nyuma, mkia ukipanda, inapunguza ili matairi matupu yasijifunge na kuteleza. Ukiongeza springi, mkia hukaa juu hata ukiwa umebeba, na valvu inaamini gari ni tupu. Unashuka Kitonga na mzigo kamili huku breki za mbele zikifanya kazi karibu peke yake. Watu wanasema "breki zimeungua" na kununua pedi, kumbe ni springi.

Dawa ni kunyanyua mshikio wa fimbo upande wa eksli kwa sentimita zilezile mkia ulizopanda, kwa kipande cha chuma imara chenye bolti mbili. Usiifungue fimbo ukaiacha ikining'inia, na usikubali valvu iondolewe. Jaribu kwanza gari likiwa tupu, mahali pasipo na watu, mwendo mdogo: nyuma isijifunge kabla ya mbele.

Mengine mawili yanayostahili fedha yako

Difu ina pumzi, kikofia kidogo juu ya eksli. Difu ya moto ikiingia mtoni hupoa ghafla na kuvuta hewa. Kikofia kikiwa chini ya maji kinavuta maji. Ondoa kikofia, funga mpira wa mafuta hadi juu ya chesisi ya nyuma, na wa mbele upandishe hadi chumba cha injini. Acha mpira uwe mlegevu kidogo ili eksli icheze. Ni kazi ya saa moja inayookoa beringi za difu.

Taa za ziada za mbele zifungwe kwa rilei, swichi inayoendeshwa na umeme, zisiunganishwe moja kwa moja na swichi. Mbili za wati 55 ni wati 110, na kwa volti 12 hiyo ni zaidi ya ampia 9. Waya wa milimita za mraba 2.5, rilei ya ampia 30, fyuzi ya ampia 15 karibu kabisa na betri, na mpira pale waya unapopita kwenye bati. Chomoa hasi ya betri kabla ya kuanza. Ukimaliza, pima betri: injini imezimwa karibu 12.6, inanguruma kati ya 13.8 na 14.4.

Safari ya kwanza baada ya kazi ya springi iwe fupi na mzigo mdogo. Ukirudi, kabla hata ya kunywa chai, lala tena chini na ukaze yubolti zote nne. Zitazunguka kidogo, kwa sababu majani yamejipanga. Rudia baada ya kilomita 500, gusa kila nati ya gurudumu, na ujaze daftari.